Kumpelekea Mjomba Issa Pumzi

Swali lililoninyima usingizi

Usiku wa kuamkia safari nililala chali chumbani kwangu Area D, mtungi wa oksijeni ukiwa umelala kando yangu kitandani kama mgeni aliyekosa godoro. Nilikuwa nikijiuliza swali moja tu: hivi ninampelekea mjomba wangu pumzi, au ninampelekea kifo chake siku ya harusi ya binti yake?

Nawaandikia nyote kwa pamoja kwa sababu tangu nirudi kila mtu ana habari yake. Mmoja amesikia nilikamatwa na bomu Haneti. Mwingine ameambiwa nimeanza biashara ya madawa ya mifugo. Jirani yangu ameapa kwamba nilifukuzwa msikitini. Hakuna hata moja lililo kweli, ingawa yote yalikaribia.

Mjomba Issa ni kaka wa mama yangu. Tangu mimi sijazaliwa alikuwa akiendesha mashine ya kusaga nafaka huko milimani Kondoa, na kila alipotoka nje kukimbia vumbi la unga aliwasha sigara ili apumzishe kifua. Sasa mapafu yamechoka. Akikaa anaweza kusimulia toka asubuhi mpaka adhuhuri, lakini akitembea kutoka mlangoni hadi banda la mbuzi husimama akashika magoti, akivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu.

Daktari aliyempima Dodoma alisema maneno mawili ambayo kichwani mwangu yalikuwa yanapigana. La kwanza, kwamba kutembea kunammaliza pumzi. La pili, kwamba asipotembea ataharibika zaidi, maana miguu iliyolegea hudai hewa nyingi kuliko miguu yenye nguvu. Kwa hiyo atembee, tena kila siku, ila atembee na hewa yake begani. Ndipo ukapatikana mtungi huu mdogo, wa kutosha kuvikwa mkoba, wenye koki, geji na mrija mwembamba wa kupachika puani.

"Akitembea, fungua," sista wa wodi aliniambia, akinitazama kama anayejua mtu anayezungumza naye. "Akikaa na pumzi ikamrudia, funga. Usipite namba mbili, hata akikuomba. Moto na sigara, mbali. Na atoe pumzi taratibu kwa midomo, kama anayepoza chai. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Lakini je, ikiwa..."

"Umeelewa," alisema, akaondoka.

Sasa mambo yenyewe. Rehema, binti wa mwisho wa mjomba, alikuwa aolewe Ijumaa hiyo msikitini. Ndugu walishauri mzee abebwe kitandani hadi msikitini. Mjomba akajibu, "Mtu anayepelekwa msikitini kitandani harudi." Wakashauri basi awakilishwe na mdogo wake. Akasema, "Mimi sijafa, nimepungukiwa na hewa tu." Aliapa kwamba atakwenda kwa miguu yake na kumwozesha Rehema kwa kinywa chake, kama alivyowaozesha binti zake wengine wote. Na mimi ndimi niliyetumwa kumpelekea chombo cha kutimizia kiapo hicho.

Mnajua nimesomea takwimu. Siku hizi serikali haitupangii tena kazi tukihitimu, na mtu wa takwimu akiachwa bila kazi atahesabu hata hofu zake. Mpaka alfajiri nilikuwa na orodha ya njia ambazo mtungi ungeweza kumuua mjomba, kumuua bwana harusi, au kuniua mimi kabla sijafika Haneti.

Dodoma hadi Haneti

Konda alinizuia mlangoni mwa basi.

"Msomi, gesi inapanda juu kwenye keria."

"Si gesi. Ni oksijeni."

"Oksijeni si gesi?"

Nilianza kumweleza kwamba kwa maana ya kisayansi ni gesi, lakini kwa maana anayoikusudia yeye, yaani gesi ya kupikia, basi si gesi, kwa sababu yenyewe haiwaki ingawa inasaidia vitu vingine kuwaka, na...

"Inasaidia kuwaka?" konda aliuliza kwa sauti ambayo basi zima lilisikia.

Kilichoniokoa ni ushindani. Mabasi mawili ya watu binafsi yalikuwa yanagombea abiria wale wale, na konda wa basi la pili alikwisha shika begi langu la nguo akilivuta upande wake. Ghafla konda wangu akaona mtungi hauna neno. Nikapewa kiti cha nyuma ya dereva, mtungi mapajani, kwa sharti kwamba nikilipuka nisimguse dereva.

Aliyeketi nami alikuwa Bi Mwajuma, mama wa mjini Dodoma, wa zile familia za zamani za Waislamu zilizozaliwa na biashara. Yeye hupeleka khanga na vitenge katika minada hadi Chemba, ambako ana nyumba. Alikuwa mnene, mcheshi, na hakuwa na desturi ya kunong'ona.

Barabara ya kwetu mnaijua. Kila tulipotupwa juu nilimwazia mjomba, nikajiuliza kama koki imelegea. Geji haisomi mpaka ufungue koki, kwa hiyo nilifungua. *Psss.* Mshale ukapanda palepale ulipokuwa. Nikafunga. Baada ya korongo lililofuata nikafungua tena.

Bi Mwajuma alinitazama muda mrefu. "Mwanangu, hiyo ni hewa ya nani?"

"Ya mjomba wangu, bibi. Anaumwa mapafu."

"Na hiyo inayotoka ukifungua, inakwenda kwa nani?"

Nikafunga koki.

"Inakuja kwangu," alisema. "Tokea Dodoma nimevuta hewa ya mjomba wako mpaka nasikia ujana. Kila ukiipima unaipunguza, baba. Acha mkono."

Niliukalia mkono wangu wa kulia hadi Haneti.

Haneti: fundi aliyeishiwa

Karibu na Haneti ulisikika mlio kama wa mti unaovunjika, basi likainama upande mmoja. Springi ilikuwa imekatika. Tukashuka wote. Wanawake wa pale, waliozoea mabasi kuharibika kuliko mabasi kupita, walikwisha fika na mahindi ya kuchoma na mihogo kabla dereva hajaingia uvunguni.

Kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma nyuma ya maduka. Alikuja na miwani yake myeusi, akachungulia, akasema kazi ni ndogo sana. Shida ni moja. Oksijeni imemwishia, na mtungi wake mpya uko Dodoma.

Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakigeuka kunitazama kwa pamoja.

"Si huyu hapa," alisema konda.

"Hii ni ya mgonjwa," nilisema.

"Hatumalizi. Fundi, unahitaji kiasi gani?"

"Kidogo tu," alisema fundi, akiutazama mtungi wangu kama mtu anayemtazama mchumba.

Ndipo ukaanza mkutano. Mwalimu mmoja aliyekuwa akirudi kituoni kwake alisema tupige kura, kwa kuwa nchi sasa ni ya vyama vingi. Mzee mwenye fimbo akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema yuko Kondoa. Akasema, "Basi bila springi hiyo hewa haitafika, na kwa springi itafika pungufu. Kipi bora?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kulifikiria lile swali. Lilikuwa swali zuri. Nilikuwa nimefika kwenye kukadiria uwezekano wa kupata lori ndani ya saa ngapi, fundi akiwa tayari ameshika mkoba kwa upande wake, Bi Mwajuma alipokuja na hindi lake mkononi.

"Fundi, mama yako yu hai?"

"Yu hai, bibi."

"Akiishiwa pumzi utamchomelea nini?"

Fundi aliachia mkoba. Mwalimu akasema hoja imetenguliwa.

Basi likafungwa kama yanavyofungwa siku zote: gogo la mninga, vipande vya mpira wa ndani wa tairi vilivyozungushwa na kukazwa na vijana wanne, na maombi. Dereva akatangaza kwamba tutakwenda mwendo wa bi harusi. Habari ya bomu, nadhani, ilianzia hapo, kwa sababu kila tuliposimama konda alikuwa akiwaambia watu, "Polepole, kuna kijana ana kitu mapajani."

Chemba: mtu anayeuza hewa

Jua lilikuwa linazama tulipofika Chemba, na dereva akasema springi ya mpira haipendi giza. Tungelala, kisha tuondoke asubuhi baada ya kuchukua watu wa mnada. Bi Mwajuma akanichukua kwake kabla sijaanza kupima faida na hasara za kulala ndani ya basi.

Alipika ugali wa uwele na mlenda wenye karanga, nikala mpaka nikasahau mjomba kwa muda. Halafu nikakumbuka, nikamwomba mtungi usikae karibu na moto.

Alifikiri. "Jikoni kuna mafiga. Ukumbini kuna kibatari. Chumbani kwangu nafukiza udi. Chumba kisicho na moto ni kimoja tu."

Kilikuwa chumba cha kuku. Nikamwambia mtungi utalala humo peke yake, mimi nitalala ukumbini. Kisha nikawaza, je, jogoo akidonoa koki? Nililala na kuku. Naomba hilo lisirudiwe mbele ya wazazi wangu.

Asubuhi mnada ulikuwa umejaa. Mbuzi, ng'ombe, vumbi, nyama ikichomwa kwenye vijiti, redio za mitumba zikipiga nyimbo tofauti kwa pamoja. Nilisimama kando ya basi, mkoba begani, mrija ukining'inia. Mfugaji mmoja mrefu mwenye shuka akanizunguka mara mbili.

"Unauza bei gani hiyo bomba?"

Sikuelewa. Ilibidi aniashirie mgongoni mwa jamaa mwingine aliyebeba pampu ya kunyunyizia dawa ya kupe, yenye mkanda na mrija kama wangu. Tangu majosho ya serikali yakauke, kila mfugaji anajinunulia pampu yake, na kwa macho ya mnada ule mimi nilikuwa muuzaji mwenye bidhaa mpya kutoka mjini.

"Si ya kupe, ndugu yangu."

"Ya minyoo?"

"Ni ya mtu."

Alinitazama kichwani, labda kuangalia kupe wangu. "Fungua nione."

Nilijua sikupaswa kufungua. Lakini pia sikuwa nimepima tangu kabla ya Haneti, na hapa palikuwa na sababu. Nikafungua. *Psss.* Mfugaji akaweka kiganja mbele ya mrija, akangoja, akakitazama kiganja, akakinusa.

"Haina dawa."

"Ni hewa."

"Hewa?"

"Hewa tu. Safi."

Akageuka na kuita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde: "Njooni muone! Mtu wa mjini anauza hewa!"

Walikuja. Walikuja hata waliokuwa katikati ya kupatana bei. Mzee mmoja alisema haya ndiyo matunda ya soko huria, maji tayari yanauzwa kwenye chupa, sasa ni hewa, na tukiwaacha vijana hawa watauza na kivuli. Mwingine akaniuliza kwa upole kama ninakopesha. Bi Mwajuma aliyekuwa akipanga khanga zake upande wa pili alicheka mpaka akakaa chini, na aliponisindikiza kwenye basi alikuwa bado anafuta machozi.

"Msalimie mjomba," alisema. "Mwambie nitamrudishia ile niliyovuta."

Ndani ya basi nikafungua kidogo, nikatazama geji, safari hii kwa uoga wa kweli. Mshale ulikuwa umeshuka. Haukushuka sana, ila mtu yeyote angeuona.

Mlimani kwa mjomba

Kutoka Kondoa mjini nilipanda lori la matofali hadi chini ya mlima, kisha kwa miguu hadi kwa mjomba. Nilifika nikihema kuliko mgonjwa.

Mama Rehema, mkewe, alinipokea mtungi kwa mikono miwili, macho yakimng'aa. "Alhamdulillahi! Wallahi niliwaambia watu wa Dodoma hawatakuja mikono mitupu. Plate zake ziko wapi?"

Alidhani ni jiko la gesi. Nilipomweleza, aliutua chini polepole, kama anayemtua mtoto wa jirani baada ya kugundua si wake.

Mjomba alikuwa kibarazani, amekonda, kofia imekaa vizuri. Kwetu mjomba na mpwa huitana neno hilo hilo, kwa hiyo msichanganyikiwe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Mbona unahema? Huo mtungi ungeutumia njiani."

Nilimpachika mrija puani. Akauliza anaonekanaje. Mama Rehema akasema, "Kama bi harusi aliyetogwa kipini."

"Basi Ijumaa tutakuwa mabibi harusi wawili," alisema mjomba. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na sote tukangoja kipite. Kilichukua muda. Rehema alitoka ndani akasimama mlangoni na hina mbichi mikononi, asiweze kumshika baba yake wala kushika kitu chochote. Hapo ndipo nilipoacha kuona jambo hili kuwa la kuchekesha, ingawa kwa muda mfupi.

Jioni ile tukafanya mazoezi. Nilikuwa nimekwisha piga hesabu: mwendo wa mjomba, umbali hadi msikitini, kiasi kilichobaki. Ilitosha, kwa kubana. Nikafungua koki kwenye namba mbili, tukaanza.

Akatembea! Alipita banda la mbuzi, lile lililomshinda mwaka mzima, akalitazama kwa dharau. Alikuwa akitoa pumzi kwa midomo kama sista alivyoelekeza. Kisha tukafika nyumba ya kwanza, akasimama.

"Hodi!"

"Mjomba, tunasimama kwa nini?"

"Tunapita mlangoni kwa watu."

Hilo ndilo ambalo halikuwamo katika hesabu yangu. Katika mtaa wa mjomba, baba wa bi harusi huenda msikitini akipita nyumba kwa nyumba, na kila mlango anasalimia. Salamu hiyo ndiyo kadi ya mwaliko. Nyumba atakayoiruka itajihesabu haikualikwa, na wajukuu wa nyumba hiyo watasimuliwa. Na salamu zetu si "habari" ya mjini ya kutupiana mkitembea. Unakaribishwa kiti. Unaulizwa hali, nyumba, watoto, mbuzi, mtama, mvua, mgonjwa wa mwaka jana na marehemu wa mwaka juzi.

Nilitoa kalamu mfukoni, nikairudisha. Kwa salamu zote zile mtungi ungekwisha kabla ya nusu ya njia.

"Mjomba," nilisema, "tutapunga mkono tu."

"Mimi ni bendera?"

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, Mzee Ramadhani, aliyekuwa akimuuliza habari za mbuzi kwa kituo. Mjomba alijibu, "Wazima." Habari za mtama? "Salama." Na mvua? "Tunamshukuru Mungu." Nilikuwa nimesimama na mtungi, nikisikiliza hewa ikitoka bure, nikitamani Mzee Ramadhani awe na mifugo michache. Kisha nikaona kifua cha mjomba. Kilikuwa kimetulia.

Sista alisema: akikaa na pumzi ikamrudia, funga. Nilifunga. Mzee Ramadhani aliendelea na wajukuu. Mjomba aliendelea kusema "wazima". Salamu zetu ni ndefu kwa anayeuliza, lakini anayejibu hahitaji pumzi nyingi, na mjomba kwa umri wake ndiye anayeulizwa kila mahali. Ile desturi niliyodhani itammaliza ilikuwa inampa kiti kila baada ya hatua chache, na hakuna mtu ambaye angesema mzee amechoka. Wangesema mzee ana adabu.

Niliingiza mapumziko ya salamu katika hesabu. Ikatosha tena, kwa kubana zaidi.

Nyumba kwa nyumba

Hata hivyo Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa siri kumwona Saidi, dereva wa pikapu ya upande wa bwana harusi. Tukapatana anifuate kwa mbali. Nikivua kofia, maana yake mambo yameharibika, aje mbio.

Tukatoka na kanzu zetu, mjomba mbele, mimi pembeni na mtungi, wazee wachache nyuma. Fungua, tembea, hodi, kaa, funga. Fungua, tembea, hodi. Katika nyumba ya rafiki yake wa tangu jando, mjomba alipokuwa akipuliza kwa midomo, rafiki akaita ndani, "Mleteeni basi hiyo chai, anaipoza na hata hajapewa!" Mjomba akaomba asichekeshwe, anatumia hewa ya serikali.

Lakini kadiri tulivyokwenda, niliona watu wanatoka majumbani kabla hatujabisha, tena wakiwa kimya. Wanawake wawili walishika vichwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipalilia akaweka jembe chini na kunyoosha viganja.

"Inna lillahi," alisema. "Nani?"

Nikageuka. Wazee wenye kanzu, mwendo wa polepole, na nyuma yao pikapu yenye turubai ikitambaa bila kupiga honi. Saidi alikuwa mtiifu kupita kiasi. Tulikuwa tunaonekana mazishi kamili, tena ya mtu mwenye heshima zake.

"Hakuna maiti!" nilipaza sauti. "Ni harusi!"

Jasho lilikuwa linanitiririka. Bila kufikiri, nikavua kofia nijifute.

Pikapu ikaja kwa mngurumo, ikasimama ubavuni mwetu kwa vumbi. Saidi akaruka nje. "Ameanguka?"

Mjomba alimtazama Saidi, akaitazama pikapu, akanitazama mimi na kofia yangu mkononi. Tulikuwa chini kabisa ya mwinuko wa mwisho. Msikiti ulionekana juu, na kutoka hapo hadi mlangoni hapakuwa na nyumba hata moja ya kubisha hodi. Kulikuwa na mawe tu.

"Hili ni lako, mjomba?" aliuliza.

"Ni langu."

Nilidhani atakasirika. Alikaa kwenye jiwe, akangoja pumzi imrudie, nikafunga koki. Kisha akasema, si kwa ukali, "Sitakukatalia. Wewe ndiye umebeba mtungi. Ukisema nipande, napanda, na mdogo wangu ataozesha, maana nikishushwa kwenye gari mbele ya watu kama gunia sitakuwa na kinywa cha kusema. Sema."

Wazee walitazama pembeni kwa heshima. Saidi aliacha mlango wazi.

Nililifikiria. Mnanijua. Nilifikiria mshale, ambao nilijua umekaribia rangi nyekundu. Nilifikiria Rehema akiambiwa baba yake amefia njiani, kisha nikamfikiria akiambiwa baba yake aliletwa. Nilikumbuka mapafu, miguu, na sista aliyesema nimeelewa kabla mimi mwenyewe sijajua. Niliona nikitaka uhakika nitakaa juu ya jiwe lile mpaka harusi ya wajukuu wa Rehema.

"Saidi," nilisema, "pakia wazee na mikeka, tangulia. Na upige honi, bwana, watu wajue ni harusi."

Nikafungua koki. Nikaigeuzia geji ubavuni mwangu, nisiuone mshale. Nikampa mjomba bega.

Tulipanda. Alikuwa akipoza chai isiyokuwepo, hatua kwa hatua, akisimama pale nilipoona shingo inakaza, kisha tena. Katikati alinibana mkono akasema neno moja kwa vipande, "Usi... pime." Sikupima.

Msikitini

Aliingia kwa miguu yake. Watu wakampisha, wakamketisha mkekani mbele ya shehe, na mimi nikakaa nyuma yake na mtungi mapajani kama mwanamke mwenye mtoto mchanga. Shehe alitaka kuanza. Mjomba akainua kidole: subiri. Wakasubiri. Msikiti mzima ulikuwa ukikisikiliza kifua chake.

Kisha akagusa mrija, akanitazama. Alitaka aseme bila kitu puani.

Pumzi ilikuwa imerudi, au karibu. Kwa mara ya kwanza katika safari ile sikutafuta sababu ya pili. Nikafunga koki, nikamvua mrija kwa mkono wangu mwenyewe.

Alishika mkono wa Athumani, bwana harusi, akamwozesha Rehema kwa sentensi moja, yote, toka mwanzo hadi mahari, bila kukatika. Sauti haikuwa kubwa, lakini ilikuwa yake.

Ikabaki kwa Athumani kujibu. Kijana ana kifua kama mlango, anabeba magunia ya vitunguu mnadani. Akafungua kinywa. "Nime..." Jasho likamtoka. "Nime..." Akavuta hewa, haikuja. Shehe akamnong'oneza. "Nime..."

Mjomba akageuza kichwa polepole.

"Mjomba," alisema, "mpelekee kijana mtungi."

Sikuwaza. Niliinuka mbele ya watu wote, nikafungua koki, *psss*, nikamwendea Athumani nimeunyoosha mrija kuelekea puani mwake.

"Nimekubali!" alipiga kelele Athumani, mpaka njiwa wakaruka darini.